Zimwi, Wasia na Simu: Fasihi Yetu ya Malezi Mbele ya Mtandao

Fasihi ya malezi ni kongwe kuliko shule. Kabla mtoto wa Afrika Mashariki hajakalia dawati, alikwisha kuonywa kwa ngano za jioni, kwa methali na kwa tungo za wasia. Kila kizazi kilizitazama hatari za siku zake kikazitafutia maneno. Katika siku zetu hatari mojawapo imo ndani ya simu ya mkononi, na maneno ya kumwongoza mtoto bado tunayatafuta. Makala haya yanakusudia kuhakiki aina tatu za maneno hayo, yaani tangazo la shule, ngano ya zimwi na utendi wa wasia. Swali tutakaloiuliza kila aina ni moja: Je, mtoto aliyekwisha kupatwa na jambo baya anaachiwa nafasi ya kusema?

Swali hili halikuchaguliwa ovyo. Mwaka 2021 ilitolewa ripoti ya utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu udhalilishaji wa watoto kwa njia ya mtandao nchini Uganda. Mambo mawili katika ripoti hiyo yanamhusu kila mwalimu. La kwanza ni kwamba anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua tangu awali. La pili ni kwamba watoto waliopatwa, kama wakisema, humwambia rafiki au mtu wa nyumbani; wanaofika polisi au wanaopiga namba ya msaada ni wachache mno. Kwa hiyo fasihi inayomtaja mgeni peke yake inaiacha nje sehemu kubwa ya hatari, na fasihi inayomfundisha mtoto kunyamaza inamsaidia adui yake.

Tangazo la ukutani

Tuanze na tangazo, kwa kuwa lina wasomaji wengi shuleni kuliko utendi wowote. Katika shule nyingi hubandikwa maneno ya namna hii: Simu ni marufuku, atakayepatikana nayo ataadhibiwa vikali. Maneno ni machache, lakini yastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote. Hayana msemaji, maana hatujui ni nani anayeonya. Hayatoi sababu. Tena walimu wa sarufi watazame kitenzi chake. Tangazo halikusema "atakayeleta" wala "atakayetumia", limesema "atakayepatikana". Kosa basi ni kupatikana, na mwanafunzi mwerevu hujifunza upesi kwamba wajibu wake ni kuficha.

Sasa tumfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeificha simu, akatuma picha yake kwa mtu aliyemwamini, na mtu huyo sasa anadai fedha au picha nyingine, la sivyo ataisambaza kwa watu wote. Ili mtoto huyu aombe msaada hana budi kwanza kukiri kwamba alikuwa na simu. Anayemtisha anajua hivyo, na pengine atamkumbusha. Hapo tangazo lililoandikwa ili kumlinda mtoto limekuwa kufuli, na ufunguo wake anao mdhalimu.

Hatusemi kwamba katazo lenyewe halina maana. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia na elimu ilieleza kwamba karibu nchi moja katika kila nne ilikuwa imepiga marufuku simu shuleni kwa sheria au kwa sera, na sababu za kulinda utulivu wa masomo ni za haki. Lakini katazo hukomea langoni mwa shule. Hapa Uganda shule zilifungwa Machi 2020, wala hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika muda huo masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na magazeti, na kwa waliojaliwa, kwenye simu. Watoto wengi waliishika simu ya mzazi kwa amri ya kusoma. Warudipo shuleni na kukuta maneno "simu ni marufuku" tu, hawajaelezwa namna ya kuishi na kitu ambacho watakutana nacho tena siku ya kwanza ya likizo.

Lipo pia tangazo la pili, refu sana, ambalo mtoto huliona katika kioo cha simu anapojiunga na mtandao wa kijamii. Ni mkataba wenye kurasa nyingi, na mwisho wake mtoto hubonyeza mahali palipoandikwa "nakubali". Wazazi wengi hudhani kwamba umri wa miaka 13 unaotajwa humo ni umri ambao wataalamu waliona mtoto amekwisha kukomaa. Sivyo. Asili ya umri huo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayohusu kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13. Ni mpaka wa biashara ya habari, wala haukuwekwa kupima busara ya mtoto. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Lakini idhini ya mzazi asiyejua kinachoidhinishwa si ulinzi. Maandishi yasiyoeleweka na anayeyakubali ni maandishi mabovu, hata yakiwa halali.

Ngano ya zimwi

Tukitoka katika tangazo tukaingia katika ngano, tunakuta hekima kubwa zaidi. Ngano ya msichana aliyeolewa na zimwi inajulikana pote Afrika Mashariki na mbali zaidi barani. Majina hubadilika, Wakikuyu, kwa mfano, huliita dubwana hilo irimu. Lakini kiini chake ni kimoja. Msichana mzuri anawakataa wachumba wote wa kijijini. Siku ya ngoma anatokea kijana mgeni mwenye umbo la kupendeza, na msichana anaamua kumfuata kwao. Mdogo wake anawaandama. Anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena, hakomi. Huko waendako inadhihirika kwamba bwana harusi ni zimwi, na katika masimulizi mengine ana mdomo wa pili kisogoni, uliofunikwa na nywele. Ni yule mdogo anayeligundua, na kwa werevu wake wote wawili huokoka.

Mwalimu akiichambua fani ya ngano hii ataona hatua nne. Hatua ya kwanza ni uzuri wa kuazima: zimwi huja kwa sura isiyo yake. Hatua ya pili ni ngoma, mahali pa wazi ambapo watu wote huonana. Hatua ya tatu ni njia ya porini, ambapo msichana anatengwa na watu wake kidogo kidogo. Hatua ya nne ni nyumba iliyofungwa, ambamo zimwi huonyesha mdomo wake wa pili. Anayemrubuni mtoto kwa njia ya mtandao hupita hatua hizi hizi. Hutumia picha ya mtu mwingine, na siku hizi akili mnemba huweza kumtengenezea sura ya mtu asiyekuwapo kabisa. Humkuta mtoto katika kundi la wengi, kwenye mchezo au kwenye mazungumzo ya wazi. Kisha humwomba wahamie mahali pa wawili tu, akimpa sifa, zawadi ndogo au vocha ya simu, na kumwambia kwamba urafiki wao ni siri. Mwishowe, akiisha kupata picha, maneno matamu hugeuka vitisho. Mwanafunzi aliyeelewa ngano hii hahitaji orodha ya programu hatari, ambayo huchakaa kila mwaka. Atajiuliza: je, tumetoka ngomani? Nani ananivuta njiani, na kwa nini hataki mdogo wangu aje?

Hapa ndipo penye ubora wa ngano kuliko tangazo. Msichana haokolewi na ukuta wala na katazo. Anaokolewa kwa sababu kuna mtu aliyekwenda pamoja naye. Tena mwokozi si mkubwa mwenye mamlaka, ni mdogo mtu aliyedharauliwa. Jambo hili laafikiana na ile ripoti tuliyoitaja, maana mtoto husema na rika lake kabla ya kusema na mkubwa. Basi kuwafundisha wanafunzi namna ya kumsaidia rafiki aliyetishwa ni kazi ya lazima, kwa sababu yeye ndiye atakayeambiwa mwanzo.

Lakini mhakiki hana budi kuzitaja na kasoro. Wasimulizi wengi huimaliza ngano hii kwa kumsuta msichana: aliponzwa na majivuno yake, aliwakataa wachumba wema. Zimwi, mwenye hila zote, husahauliwa. Funzo hilo likiingia katika moyo wa mtoto, siku atakapopatwa atajihukumu mwenyewe kwanza, na aibu itamfunga kinywa. Kasoro ya pili ni kwamba mwathiriwa ni msichana daima. Desemba 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kwamba watoto wasiopungua 3,000 nchini humo walikuwa wametishwa kwa picha zao ili watoe fedha, na wengi wao walikuwa wavulana. Zaidi ya kumi na wawili walijiua. Mvulana aliyelelewa kuamini kwamba zimwi huwala wasichana tu hana ngano ya kumsaidia.

Na methali nayo ichunguzwe. Tumezoea kusema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni kweli katika mambo mengi ya dunia kwamba anayekujua hukubakizia kitu. Lakini katika jambo hili methali hupotosha, kwa kuwa anayemjua mtoto anajua pia udhaifu wake, jina la shule yake na ukali wa baba yake. Mwalimu asione haya kuwaambia wanafunzi kwamba methali haitumiki kila mahali.

Zimwi lililobuniwa na wazazi

Ngano inaweza pia kuharibika. Mapema mwaka 2019 wazazi wa nchi nyingi walitumiana onyo kuhusu kiumbe aitwaye Momo, mwenye macho ya kutisha na nywele nyeusi, ambaye ilidaiwa kwamba alijitokeza katika simu za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Picha iliyosambazwa ilikuwa ya sanamu ya msanii wa Kijapani Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Mashirika ya kulinda watoto yalipochunguza hayakuona ushahidi kwamba kulikuwa na mtoto aliyedhurika kwa amri hizo. Waliomweneza Momo zaidi ya wote walikuwa watu wazima waliotaka kuwalinda watoto wao, na watoto wengi waliiona sura hiyo mara ya kwanza katika maonyo ya wazazi na walimu.

Kwa jicho la mhakiki, Momo ni ngano ya zimwi iliyokatwa miguu. Lina sura, lina kitisho, lakini halina ngoma, halina njia, wala halina mdogo mtu. Humwachia msikilizaji hofu bila kumwonyesha la kufanya. Mbaya zaidi, huwaaminisha wazazi kwamba zimwi lina uso wa zimwi, hali ngano ya wazee ilikwisha kutufundisha kwamba zimwi huja na uso mzuri. Kabla mwalimu hajalieneza onyo alilotumiwa, na aulize kwanza limetoka kwa nani na linamwelekeza mtoto kufanya nini.

Utendi wa wasia

Aina ya tatu ndiyo tukufu kuliko zote. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi unaojulikana sana katika masomo yetu. Alikuwa mgonjwa, na wasia wake ulikuwa wa mama anayejua kwamba huenda hatakuwapo. Wahakiki wamebishana sana juu ya maudhui yake, hasa mafunzo yahusuyo utii wa mke kwa mume, na mabishano hayo yana haki yake. Sisi hapa tunaitazama fani ya malezi iliyomo.

Utendi unaanza kwa kumwita mtoto asogee. Haumwamuru kutoka mbali. Tena mama anamtaka binti aje na wino na karatasi, yaani vyombo vya mawasiliano vya zama zile. Mama huyu hakuvificha vyombo hivyo kwa kuhofia kwamba binti huenda akaandika yasiyofaa. Alimketisha karibu, akavitumia pamoja naye, na wasia wenyewe ukapita humo. Aidha hakusema kama mtu asiye na maisha. Alimsimulia binti jinsi yeye alivyoishi na mumewe. Mzazi wa leo anayeketi na mwanawe, akamwambia, "Nionyeshe unachokitazama, nami nikuonyeshe utapeli niliotumiwa juzi," anafanya kazi ile ile ya Mwana Kupona.

Hata hivyo wasia una upungufu wa asili yake. Mwenye kuusia husema, mwenye kuusiwa husikia. Katika beti zote 102 Mwana Hashima hajibu. Hatujui aliogopa nini, wala alikuwa amekwisha kuona nini ambacho mama hakukiona. Ndivyo ilivyo pia katika tungo mbili ambazo Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake, yaani Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Ni maneno ya upendo mkubwa, lakini yanakwenda upande mmoja. Zamani ukimya huo haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu mama aliyajua mengi ya dunia ambayo binti angekutana nayo. Leo mtoto hufika mahali ambapo mzazi hajawahi kukanyaga. Kama mtoto hasemi, mzazi hana njia nyingine ya kujua.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Kutokana na uhakiki huu twaweza kupendekeza mambo matatu ya kufanyika darasani, bila kungoja mtalaa mpya wala vifaa vya gharama.

Kwanza, wanafunzi waandike jibu la Mwana Hashima. Ushairi wa Kiswahili una mila ya kujibizana tangu enzi za Muyaka, na kumpa binti sauti hakumvunjii mama heshima. Mwanafunzi atakayeshindwa kusema jambo lake mwenyewe huenda akalisema kwa kinywa cha Mwana Hashima, na mwalimu makini atalisikia.

Pili, ngano ya zimwi isimuliwe upya, mara hii mvulana akiwa ndiye anayefuata sura nzuri. Darasa liulizwe: mdogo mtu akigundua, afanye nini? Majibu ya kufundishwa ni haya. Asimlipe anayetisha, kwa sababu anayelipwa hurudi. Asitume picha nyingine. Asifute mazungumzo, maana hayo ni ushahidi. Asimwache rafiki yake peke yake, bali waende pamoja kwa mtu mzima wanayemwamini. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto. Hapa Uganda hupigwa bila malipo, na namba hiyo hiyo hutumika Kenya na Tanzania.

Tatu, tangazo la shule liandikwe upya na wanafunzi wenyewe kama zoezi la lugha. Katazo libaki ikiwa shule yataka libaki, lakini iongezwe sentensi moja: Aliyetishwa au kudhalilishwa kwa njia ya simu na aje aseme, hataadhibiwa kwa kusema. Sentensi hiyo ina msemaji, ina msikilizaji, na inamnyang'anya mdhalimu ufunguo wake. Bila shaka mkuu wa shule atapaswa kuitimiza, kwa kuwa ahadi ikivunjwa mara moja haitasomwa tena na mwanafunzi yeyote.

Kwetu sisi tunaofundisha Uganda, kazi hii ina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi raia wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kama lugha ya askari, lugha ya kuamrisha na kukemea. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wanaoletwa kwetu kwa uamuzi huo watakuja na kumbukumbu za wazazi wao. Wakikikuta Kiswahili kwanza katika tangazo la "marufuku" na "ataadhibiwa", watathibitisha yale waliyoyasikia nyumbani. Wakikikuta katika ngano inayowapa mwenzi wa njiani, na katika utendi unaowaita wasogee na kuwaachia nafasi ya kujibu, watajua kwamba ni lugha ambayo mtoto mwenye hofu anaweza kuitumia kuomba msaada.

Tangazo letu la leo linamkataza mtoto bila kumsikiliza. Ngano inampa mwenzi lakini humtia aibu. Utendi unamwita karibu lakini haumngojei ajibu. Ukaribu wa utendi na mwenzi wa ngano tunavyo tayari katika urithi wetu. Kinachopungua ni subira ya mkubwa kunyamaza kidogo mtoto anapoanza kusema, na subira hiyo huanzia kwetu, katika kipindi cha kesho asubuhi.